Heko kwa Fundi wa Breki

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na hadi leo Wakenya wapo wanaoitunza chini ya turubai. Siku ya kuifufua, injini ikinguruma mwenye gari hushangilia. Fundi mwerevu hashangilii bado. Anataka kujua gari litasimamaje.

Huanza na mguu. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani ya mabomba. Ikizama polepole huku imekanyagwa na hakuna tone lililovuja nje, raba za masta silinda zimechoka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limelala: mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka kwa 140 tu. Unyevu huohuo hutia kutu ndani ya silinda.

Ustadi wenyewe huonekana gurudumu linapogoma kuzunguka baada ya breki kuachiwa. Fundi hupiga jeki, hulegeza kwanza kiungo cha bomba la chuma lililo kabla ya bomba la mpira la breki. Gurudumu bado limekaza. Kisha hufungua nati ya kutolea upepo. Mafuta yanaruka, gurudumu linazunguka. Basi mpira umevimba ndani na kuziba njia, ingawa kwa nje unang'aa kama mpya! Asiyejua angenunua silinda bure.

Mafundi hawa wanastahili heshima na malipo kamili. Mwenye gari la zamani, lipeleke kwa fundi wako kabla hujaliingiza barabarani.