Mwenye Nguvu Mpishe

Methali hii tumezoea kuwaambia wanyonge: ukimwona mwenye nguvu anakuja, ondoka njiani, usijitafutie balaa. Anayetaka kuisikia kwa maana nyingine na aende Pemba wakati wa kaskazi, mvua zikiwa zimekatika, asimame pembeni mwa uwanja wa mchezo wa ng'ombe huko Pujini, Kengeja au Wingwi. Hapo ataona kwamba kupisha ni ufundi wenye mabingwa wake.

Zumari inalia, ngoma inaitikia, kinamama wanaimba. Dume mwenye nundu analetwa uwanjani akiwa na kamba ndefu. Anayemkabili hana mkuki wala upanga. Ana kitambaa, miguu yake na moyo wake. Wengi husema mchezo huu uliachwa na Wareno, walioitawala pwani hii kabla Waomani hawajaiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Kule Ureno hadi leo wapo wanaume, wanane wanane, wanaojipanga mstari mmoja na kumkamata fahali kwa mikono mitupu, wa mbele akimpokea kifuani. Mpemba hamkumbatii wake. Anamcheza, na mchezo ukiisha ng'ombe hauawi, anarudishwa kwa mwenyewe.

Mtazame mchezaji kwa utulivu, kwani uhodari wake hauna makeke. Ng'ombe haoni wekundu kama tuuonavyo sisi. Kinachomchokoza ni kitambaa kinachotikisika. Basi mchezaji hukitikisa mbali na kiwiliwili chake, naye husimama kimya. Dume anainamisha kichwa, uzito unahamia miguu ya mbele, vumbi linatimka. Mgeni pembeni anataka kupiga kelele: kimbia! Mchezaji hakimbii. Akiondoka mapema, dume atamfuata alikokwenda. Akichelewa, ni pembe. Anangoja mpaka mnyama ajitose mzima, kwa sababu mwili mzito ukishashika kasi hauwezi kukata kona ghafla. Hapo ndipo anapotoa hatua, nayo ni ndogo sana, kama ya mtu anayempisha mzee mlangoni. Nguvu zote zile zinapita pembeni yake, hazina pa kutua.

Macho ya watu humfuata mchezaji. Ya kwangu hupenda kwenda kwenye kamba. Ikikazwa kila mara, mnyama anakabwa, mchezo unakufa. Ikilegezwa mno, kilichokuwa mchezo kinageuka msiba. Mwenye kuijua kamba huiacha itembee, akaikaza pale tu hatari inapovuka mpaka. Hashangiliwi, lakini bila yeye hakuna wa kushangiliwa.

Ufundi huo huo unadaiwa kwenye mkeka wa judo. Unguja, mchezo huu uliota mizizi kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyeanza kuwafundisha vijana katika miaka ya 1990. Mwasisi wa judo, Jigoro Kano, alifungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, na jina la judo alilolichagua lenyewe ni somo: njia ya ulaini. Ukisukumwa usisukume, mvute aendako. Ukivutwa, mfuate kwa kasi kuliko anavyokuvuta.

Kila ukumbi una dume wake. Ni yule kijana anayeingia mazoezini kana kwamba amekuja fainali: kila mtama anaoupiga ni wa kuvunja, kila kabali ni ya kuua. Mwenzake anagonga mkeka mara mbili, ishara ya kusalimu amri ambayo humtaka mtu aachie papo hapo, naye bado anakaza. Kinachoumia si moyo tu. Kiwiko kikipinduliwa hukaa wiki nyingi bila kazi, na huenda ndicho kilicholisha nyumba.

Mjuzi hamlipizi. Kumjibu nguvu kwa nguvu ni kumpa anachokitafuta. Kabla ya kushikana humwambia kwa upole: ndugu yangu, leo twende taratibu. Wakishikana, humbana karibu, kifua kwa kifua, maana mtama na mrusho vinataka nafasi, na asiye na nafasi hana kasi. Wakiwa chini, hutafuta kukaa juu, akamlaza uzito na kungoja apumue haraka haraka mpaka jazba imwishe. Akikamatwa vibaya hugonga mapema, bila aibu, kwani mazoezini hakuna medali ya kuvumilia kuvunjwa. Na akiona maneno hayaingii, husimama, huinama kwa heshima, akaenda kwa mwenzake mwingine. Huko nako ni kupisha.

Lakini dume wa Pujini na kijana wa ukumbini hawalingani. Ng'ombe ana udhuru: hakuomba kuletwa uwanjani, wala haelewi lugha. Mtu ameletwa na miguu yake, na maana ya kugonga mkeka anaifahamu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo asiyeachia akigongewa hastahili sifa ya ukali hata chembe. Mwenye sifa ni yule aliyemzuia asimuumize mtu, na aliyejizuia asimuumize yeye.

Wala mzigo huu usiachiwe mwanafunzi peke yake. Ukumbini kamba iko mkononi mwa mwalimu. Yeye ndiye wa kusema basi, wa kumtenga mwenye pupa na wanaoanza, wa kumkalisha chini anayeidharau ishara. Walimu wetu, ishikeni. Uwanja wa Pemba unatufundisha kwamba mchezo mwema ni ule ambao ukiisha, mchezaji anakwenda kwao kwa miguu yake, na ng'ombe naye anarudi zizini mzima.