Nyumba Mbili, Sebule Moja

Kichekesho cha Ray Cooney, Run for Your Wife, kilipanda jukwaani London mwaka 1983 na kikadumu takriban miaka 9. Filamu yake ilipotoka Februari 2013 ilivuna pauni 602 tu wikendi ya kwanza. Mtunzi ni yule yule, na filamu aliiongoza yeye mwenyewe pamoja na John Luton. Kasoro tuitafute kwenye ufundi.

John Smith, dereva wa teksi, ana mke Wimbledon na mwingine Streatham, na hakuna anayemjua mwenzake. Kinachomsetiri ni ratiba ya zamu. Anapigwa kichwani, ratiba inavurugika, polisi wanabisha hodi kote kuwili.

Jukwaani, nyumba zote mbili zimo ndani ya sebule moja. Wake wanapishana hatua chache bila kuonana, maana kila mmoja yuko mtaa wake. Anayewaona wote ni mtazamaji peke yake, na simu ikilia yeye ndiye wa kwanza kujua mambo yataharibikia upande gani. Kamera haiwezi hivyo. Inaonyesha nyumba hii, inakata, inahamia ile, na kila ikikata hofu inapata nafasi ya kupumua. Kichekesho cha aina hii kikipumua, kimekwisha.

Tukikileta Maseno, nchini Kenya, kikwazo ni kingine kabisa. Kwa Waluo, mikayi (mke wa kwanza) na nyachira (mke wa pili) kila mmoja ana nyumba yake ndani ya dala, yaani boma, watu wote wanajua, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila za wake wengi. Dereva wa matatu ya Kisumu–Busia mwenye wake wawili akimbie nini? Ukitaka akimbie, mfungishe ndoa kanisani kwanza. Hapa ni mji wa misheni. Wamisionari wa CMS walianzisha shule yao mwaka 1906. Cheti cha kanisa ni cha mke mmoja, na dereva akioa tena kwa siri mtaani Kondele, Kisumu, hilo ni kosa la jinai. Nafasi ya Stanley, jirani wa John ambaye kila uongo wake unaongeza matata, naikabidhi kwa makanga bila kusita: ndiye anayejua gari limelala wapi.

Inabaki simu. Mwaka 1983 ilikuwa ya waya, imekaa nyumbani. Leo iko mfukoni, na mke yeyote anampata mumewe popote barabarani. Basi wanaompiga kichwani na waondoke nayo.