Jina la Mshairi Linapopotea: Uhakiki wa Kanuni za Marejeleo katika Uandishi wa Kitaaluma wa Kiswahili

Utangulizi

Orodha ya marejeleo ndiyo sehemu ya tasnifu ambayo kwa kawaida huandikwa mwisho na kusomwa kwa haraka. Mtafiti huipanga baada ya hoja zake zote kukamilika, naye msimamizi huikagua akitazama zaidi nukta, mikato na herufi za mlalo. Makala haya yanahakiki mazoea hayo. Yanadai kwamba kanuni za marejeleo zinapofuatwa bila kuulizwa zinakusudia nini, huweza kumnyima mwandishi wa Kiswahili jina lake, kuipotosha historia ya kazi yake na kumnyamazisha fanani. Mifano imetolewa katika fasihi ya Kiswahili, ambako athari hizo huonekana wazi zaidi.

Chimbuko la Kanuni

Mitindo inayotajwa sana katika miongozo ya majarida ina historia yake. Mwongozo wa Chicago ulitoka mwaka 1906. Kanuni za APA zilianza mwaka 1929 zikiwa kurasa chache tu katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani, na mwongozo wa MLA ulifuata mwaka 1951. Kila mtindo ulijibu mahitaji ya watu wake. Mwanasaikolojia alitaka kujua upya wa utafiti, hivyo APA huuweka mwaka karibu na jina la mwandishi. Mhakiki wa fasihi alitaka kuufikia mstari wenyewe, hivyo MLA hutanguliza ukurasa. Mitindo yote hiyo ilimchukulia mwandishi kuwa mtu mwenye jina la ukoo linalorithiwa. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapoanzia.

Tatizo la Jina

Kwa Waswahili wengi, jina la pili ni la baba wala si la ukoo. Kanuni ya kugeuza majina humfanya Shaaban Robert kuwa “Robert, S.”, yaani mwana huitwa kwa jina la mzazi wake. Katika baadhi ya kazi za wanafunzi hukutwa pia “Shaaban, R.”, na wakati mwingine sura zote mbili hutokea katika tasnifu moja. Msomaji asiyemfahamu mwandishi huyo atadhani ni watu wawili.

Ugumu huongezeka kwa waandishi wa Zanzibar. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, na Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, wote huangukia chini ya “Mohamed”. Rejeleo la “Mohamed” na mwaka peke yake halimwambii msomaji ni nani anayezungumziwa. APA yenyewe huagiza herufi za kwanza za majina ziongezwe pale waandishi wawili wanapolingana jina la mwisho, lakini agizo hilo husahaulika mara nyingi. Kosa hapo ni la mtumiaji aliyekariri nusu ya kanuni.

Kwa washairi wa kale hali ni mbaya zaidi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858. Toleo la Alice Werner na William Hichens lilitoka mwaka 1934. Mtafiti anayenukuu beti za utendi huo na kuandika “Werner na Hichens (1934)” humfuta mwanamke aliyeutunga, na kuwapa wahariri sauti ya mama anayemwusia binti yake. Anayeandika “Kupona, M.” naye hukosea, kwa kuwa Mwana ni neno la heshima, si jina la kufupishwa. Vivyo hivyo, beti za Muyaka bin Haji haziwi za Abdulaziz kwa sababu tu zimesomwa katika kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz cha mwaka 1979.

Suluhisho lipo, nalo si geni. Majina ya watu wa Iceland hupangwa kwa jina la kwanza, kwa kuwa nao kwa kawaida hutumia jina la mzazi badala ya la ukoo. Ikiwa nafasi hiyo imetolewa kwa watu wa Iceland, hakuna sababu ya kitaaluma ya kuwanyima Waswahili. Hata programu ya Zotero huruhusu jina kuandikwa katika nafasi moja bila kugeuzwa. Kwa hiyo kisingizio kwamba kompyuta ndiyo iliyogeuza hakina mashiko.

Tatizo la Mwaka

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Ujasiri wa riwaya hiyo hauwezi kupimwa nje ya wakati huo. Mtafiti akiweka mwaka wa toleo jipya alilonalo mkononi pekee, anamfanya mwandishi aliyefariki mwaka 1962 aonekane akiukosoa utawala uliokwisha kuondoka. Kufikirika nayo ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Hapo hata mwaka wa toleo la kwanza unahitaji maelezo.

APA huruhusu miaka miwili kuandikwa pamoja, wa kwanza ukiwa wa toleo asilia na wa pili wa toleo lililotumika. Mwaka wa pili humwezesha msomaji kuupata ukurasa, na wa kwanza humweleza kazi ilizaliwa katika zama gani. Kwa tendi, namba ya ubeti ifuatane na ukurasa, kwani kurasa hubadilika kila toleo, ilhali ubeti huweza kutafutwa katika matoleo mengi zaidi.

Tatizo la Sauti

Kwa kawaida APA huyaweka mahojiano binafsi katika kundi la mawasiliano yasiyoingia katika orodha ya marejeleo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Hoja hiyo ina uzito, na pale msailiwa alipoomba kutotajwa, siri yake ilindwe. Lakini katika utafiti wa fasihi simulizi, fanani aliyeimba, akaghani au akasimulia ni msanii mwenye kazi yake. Tasnifu yenye nadharia tele za kigeni katika orodha yake, huku mwenye ngano akibaki “mtafitiwa wa tatu”, inatangaza bila kukusudia ni maarifa ya nani yanayohesabika. Toleo la saba la APA, lililotoka mwaka 2019, limeanza kutoa mwongozo juu ya maarifa ya jadi ya wenyeji. Inafaa orodha za Kiswahili ziwe na sehemu ya masimulizi, yenye jina la fanani aliyeridhia, mahali na tarehe.

Hitimisho

Makala haya hayatetei uholela. Mtindo mmoja unaofuatwa kwa uaminifu humsaidia msomaji, na mhariri ana haki ya kuurudisha mswada unaochanganya “na wenzake” na “et al.”, au “uk.” na “p.”, katika aya moja. Lakini ulinganifu wa alama ni sehemu ndogo ya uaminifu huo. Rejeleo ni deni linalokiriwa hadharani, na deni hukiriwa kwa kumtaja mdai kwa jina lake. Bodi za majarida ya Kiswahili zikiandika katika miongozo yao namna ya kushughulikia jina la baba, toleo la kwanza, namba ya ubeti na jina la fanani, mtafiti chipukizi hatalazimika kuchagua kati ya kuitii kanuni na kuwatendea haki waliomtangulia.