Deni Linalolipwa Kabla ya Mawindo

Mnyama wa porini hana wa kumlalamikia. Mwindaji akikosea kwa upana wa kiganja tu, paa huondoka na jeraha litakalomtesa kichakani siku kadhaa, na hakuna atakayemdai mtu chochote. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uungwana wa mwindaji huamuliwa mezani, wiki nyingi kabla ya msimu kufunguliwa, mbele ya mizani ndogo na daftari. Nawasifu watu wa meza hiyo: wanaojaza risasi zao kwa mkono, wakaweka vichwa vya shaba tupu mahali pa plumbi, kisha wasiviamini mpaka wavijaribu.

Plumbi, madini yale mazito ya kijivu, ilikuwa moyo wa risasi kwa karne nyingi. Ni laini, huyeyuka upesi, na sentimita moja ya ujazo wake ina gramu 11.34. Lakini ikipiga mfupa kwa kasi, husambaratika. Picha za eksirei za mizoga ya kulungu zimeonyesha mamia ya chembe zilizotawanyika mbali na tundu la jeraha, nyingine ndogo kiasi kwamba mlaji hawezi kuzihisi mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plumbi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Na kabla nyama haijafika nyumbani, matumbo yaliyoachwa porini yamekwisha kuliwa na ndege.

California iliujua ukweli huo kwa uchungu. Kondori wa huko, ndege mla mizoga mwenye mabawa ya karibu mita 3 kutoka ncha hadi ncha, walibaki 22 tu duniani mwaka 1982. Mwaka 1987 wa mwisho waliokuwa porini walikamatwa ili wazalishwe kizuizini, na kuanzia 1992 kondori wakaanza kuachiliwa tena. Huko nje adui yao wa zamani alikuwa akiwangoja: chembe ya plumbi katika utumbo wa kulungu. Tumbo la ndege huiyeyusha, sumu huingia damuni, mfuko wa chakula kooni hupooza, naye hufa njaa ilhali ameshiba hadi kooni. Jimbo hilo lilitunga sheria mwaka 2013, na tangu Julai 1, 2019 risasi za plumbi ni marufuku katika uwindaji wote. Arizona imechagua kuwaomba wawindaji wake: tangu 2005 wale wa eneo la kondori hupewa bure risasi zisizo na plumbi, na wengi wameitikia. Denmark ilipiga marufuku risasi za plumbi za raifo Aprili 2024. Hata Afrika tunahusika, maana watafiti nchini Botswana walipopima damu ya tumbusi waliona plumbi imepanda zaidi katika msimu na maeneo ya uwindaji.

Sheria inaweza kuiondoa plumbi dukani, lakini haiwezi kumfundisha mtu tabia za shaba. Hapo ndipo fundi anapohitajika.

Shaba ina gramu 8.96 tu kwa ujazo ule ule. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito sawa na cha plumbi hakina budi kuwa kirefu zaidi, na urefu huo una gharama yake. Ndani ya ganda hula nafasi ya baruti. Ndani ya mtutu hudai kizungushwe upesi zaidi, la sivyo kitayumba hewani. Mwanahisabati Alfred George Greenhill wa Woolwich, Uingereza, aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1879: kadiri kichwa kinavyorefuka, ndivyo mifuo ya mtutu inavyopaswa kujipinda kwa karibu zaidi. Basi mwenye bunduki ya .308 Winchester aliyezoea kichwa cha greni 180 hushuka mpaka 150 au 130, akategemea kasi. Greni moja ni kama miligramu 65 tu, kwa hiyo tunazungumzia kitu cha gramu 10 hivi, ambacho uhai na mateso ya mnyama hutegemea.

Tena shaba ni ngumu. Hung'ang'ania mtutu, hupandisha shinikizo na kuacha utando wa madini njiani. Mwaka 1989 kampuni ya Barnes ya Utah ilileta sokoni kichwa cha shaba tupu kilichoitwa X. Baadaye, mwaka 2003, ikaja aina yenye mifereji iliyochongwa kuzunguka kiwiliwili, ili shaba inayosukumwa na mtutu ipate pa kwenda.

Sasa tazama kazi yenyewe. Ganda lililokwisha kutumika husafishwa, hurudishwa umbo lake, hupunguzwa urefu kwa kipimo, kisha hutiwa fataki mpya. Baruti hupimwa hadi sehemu ya kumi ya greni, kwa makini ya sonara. Fundi huanza na kiasi cha chini kilichoandikwa katika kitabu cha mwongozo kwa kichwa kile kile, kwa sababu hesabu za plumbi hazifai kwa shaba. Hupanda hatua kwa hatua, na kila anapofyatua hulikagua ganda. Fataki ikibapatika, au komeo likiwa zito kufunguka, hurudi nyuma, hata kama matundu kwenye shabaha yamekaribiana vizuri.

Kisha huangalia kina cha kichwa ndani ya ganda. Shaba mara nyingi hupenda nafasi kidogo kabla ya kugusa mifuo, kama milimita moja au zaidi kidogo. Hapa subira ndiyo zana kuu, maana hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ama baruti, ama kina. Anayebadilisha viwili hajui kipi kimemsaidia. Yote huingia daftarini: kasi kama ilivyosomwa na kipimo, joto la siku, upana wa matundu katika mita 100. Waliosema mali bila daftari huisha bila habari wangemwelewa mtu huyu mara moja. Naye hapumbazwi na matundu matatu yaliyobanana. Hurudi siku nyingine na mtutu uliopoa, kwa sababu risasi ya kwanza ya mtutu baridi ndiyo atakayoipeleka porini.

Mwisho huja jaribio ninaloliheshimu kuliko yote. Fundi hupiga ndani ya madumu ya maji au jelatini, hukiokota kichwa na kukipima tena. Kilichofanya kazi yake kina majani manne yaliyojikunja nyuma, kipenyo kimekuwa karibu mara mbili, na uzito ni karibu ule ule wa mwanzo: hakuna kilichobaki kwenye nyama, hakuna cha kumuua ndege. Lakini shaba haifunguki ikiwa imepoteza kasi. Aina nyingi huhitaji kati ya mita 550 na 600 kwa sekunde. Chini ya hapo hupenya na kuacha tundu jembamba, na mnyama akaondoka nalo. Basi fundi hupunguza baruti makusudi, akiiga kasi ambayo kichwa huwa nayo kikifika umbali wa mita 200, 250, 300, mpaka akione kikikataa kufunguka. Umbali huo huuandika na kupiga mstari chini yake. Kuanzia hapo hatafyatua.

Hilo ndilo tunda la kazi yote. Saa za mizani, senti zilizoteketea uwanjani, mitutu iliyosuguliwa hadi mkono ukachoka, vyote huishia kwenye namba moja inayomwambia mwenye bunduki: hapa uwezo wako umekoma. Ufundi mwingi humwongezea mtu mamlaka. Huu humwonyesha mpaka wake, naye huukubali kwa hiari, kwa ajili ya mnyama ambaye bado hajamwona na ndege ambaye hatamwona kamwe. Mtu anayemwacha kulungu aende zake kwa sababu ya namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe anastahili kuitwa mwindaji.