Mkao wa Fuwele na Mwanga Mkali wa Leza: Uhakiki wa Istilahi Mbele ya Vito vya Songea na Tunduru

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha fizikia kinavyoeleza ufyonzaji wa mwanga katika fuwele, hususan mwanga huo unapokuwa mkali kama wa leza. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi zetu zimezoea kuuhesabu ufyonzaji kuwa sifa ya dutu peke yake, ilhali katika fuwele ufyonzaji ni uhusiano baina ya dutu, mkao wake na mtetemo wa mwanga. Mkoa wa Ruvuma hauna sifa ya maabara za leza. Umechaguliwa kwa kuwa mawe yanayoithibitisha hoja hii yanachimbwa humo, na wanaoyauza hulipwa au hupunjwa kwa kadiri wanavyolielewa jambo hili.

Yakuti samawati ya Songea, na ile ya Tunduru iliyovuta wachimbaji na wanunuzi wengi kwenye kingo za mto Muhuwesi katikati ya miaka ya 1990, ni fuwele ya alumini oksidi yenye mhimili mkuu mmoja. Ukiitazama sambamba na mhimili huo, huonekana ya buluu inayoelekea zambarau. Ukiitazama kwa ubavu, rangi ya kijani huchanganyika na buluu. Jiwe ni lilelile, tochi ni ileile. Kilichobadilika ni pembe. Broka mzoefu huligeuza jiwe vidoleni kabla ya kutaja bei, na mkata vito hulipanga ili uso wa juu uelekee mhimili. Mchimbaji mdogo aliyelionyesha jiwe kwa ubavu tu ameuza rangi ya kijani, naye alikuwa na ya buluu.

Tunaliitaje jambo hili? Neno linalotumika kwa wepesi ni “mwelekeo.” Kwa maoni ya mwandishi, neno hilo limebebeshwa mizigo miwili: mwale una mwelekeo, na fuwele nayo ina mwelekeo. Sentensi inayosema “mwelekeo hubadili ufyonzaji” haimwelezi mwanafunzi ni kipi kilichogeuzwa. Kiswahili kina neno “mkao,” ambalo fundi hulitumia kwa kitu kilivyokaa mahali pake. Inapendekezwa mwale ubaki na mwelekeo, fuwele ipewe mkao, na mwanga uliochujwa utetemeke katika bapa moja tu uwe na bapa la mtetemo. Maneno matatu kwa mambo matatu si anasa.

Tatizo kubwa zaidi liko katika mwanga mkali. Katika mwanga wa kawaida, ukali ukiongezeka maradufu, fotoni zinazofyonzwa kila sekunde nazo huongezeka maradufu. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kinadharia kwamba atomu yaweza kufyonza fotoni mbili kwa mpigo mmoja. Nadharia hiyo ilisubiri chombo. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwezi Mei 1960, akitumia fimbo ya yakuti nyekundu iliyotengenezwa maabara, na mwaka uliofuata Kaiser na Garrett waliushuhudia ufyonzaji huo. Hapa ukali ukiwa maradufu, ufyonzaji huwa mara nne. Mtu akitafsiri neno kwa neno hupata “ufyonzaji usio mstari.” Istilahi hiyo inapotosha, kwa sababu msomaji wa habari za leza ana mstari mmoja tu akilini, yaani mwale wenyewe, naye atadhani mwale umepinda. Mstari unaokusudiwa ni wa grafu. “Ufyonzaji usio sawia na ukali” ni mrefu, lakini hausemi uongo.

Athari ya mkao inaonekana vizuri tukiweka spineli kando ya yakuti. Spineli, inayopatikana pia Tunduru, ina fuwele ya jamii ya mchemraba. Ichunguzwe kwa pembe yoyote, rangi haibadiliki, na broka hapati faida kwa kuigeuza. Vitabu huishia hapo na kusema fuwele za mchemraba hazibagui mielekeo. Kauli hiyo ni kweli kwa fotoni mojamoja tu. Ulinganifu wa mchemraba unaoufanya ufyonzaji wa kawaida uwe sawa kila upande hautoshi kuusawazisha ufyonzaji wa fotoni mbili, ambao una uhuru zaidi wa kutofautisha mihimili. Katika galiamu asenidi, ambayo nayo ni ya mchemraba, vipimo vimeonyesha ufyonzaji wa fotoni mbili ukipanda na kushuka kadiri bapa la mtetemo linavyozungushwa juu ya mihimili ya fuwele. Kwa hiyo istilahi inayoliita jiwe “lisilobagua” bila kutaja ukali wa mwanga ina kasoro ya kisayansi, si ya lugha tu.

Leza imekwisha kuligusa jiwe la Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakuti nyingi za huko zilipikwa nchini Thailand pamoja na beriliamu zikawa za rangi ya machungwa, na soko likatikisika ilipogundulika mwaka 2002. Mojawapo ya njia za utambuzi zilizotumiwa na maabara za vito, ikiwemo ya Uswisi, ilikuwa kupiga jiwe kwa pigo fupi la leza na kusoma spektra ya plazma inayozuka. Fotoni ya leza ya infraredi ya nanomita 1064 ina takriban elektronivolti 1.17, na pengo la nishati la alumini oksidi safi linakaribia 9. Fotoni moja haiwezi kuliruka. Ndiyo maana jiwe linalopitisha mwanga huo ukiwa hafifu huupokea ukiwa mkali.

Hapo hata kitenzi “fyonza” kinayumba. Nyuki hufyonza ua kwa kutaka kwake, na jiwe hili limelazimishwa. Wazee wa pwani wana “sharabu,” linalosemwa kwa kitambaa kilichomwagiwa maji.