Mizani 64 za Mwanafunzi

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Muntundya, eneo la Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alipata kuwa karani, liwali, kisha hakimu. Alifariki 1969, na baada ya kifo chake ndipo zikachapishwa tungo zake za majibizano, Ngonjera za Ukuta. Miaka 38 baada ya kifo hicho, upande huohuo wa mashariki ya mji, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kila ninapozifundisha ngonjera hizo naona zinauhakiki mhadhara wangu.

Tutazame umbo. Wanaosema ni wawili, au makundi mawili: mmoja hajui au anapinga, mwenzake anajua. Tumezoea kuziita tungo za kufundishia, na tukishasema hivyo tunakimbilia maudhui, Ujamaa na Azimio la Arusha la 1967. Jambo la kiarudhi linatupita. Asiyejua naye hupewa ubeti mzima. Ubeti wa mistari 4, kila mstari mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, jumla yake ni mizani 64. Mwalimu akipokea, naye ana 64 zilezile. Ujinga wa yule wa kwanza haumpunguzii hata silabi, wala haumpi ruhusa ya kulegeza kina. Pingamizi lake ni lazima lisanifiwe sawasawa na jibu. Na mara nyingi yeye ndiye anayeanza, kwa hiyo mwalimu hana la kusema mpaka aulizwe.

Sasa tuchukue mhadhara. Nafasi yote ya mwanafunzi imo katika maneno mawili ya mwalimu: "Kuna swali?" Nayo huja dakika ya 55, zipu za mabegi zimeshaanza kulia, waliokaa nyuma wamekwisha kusimama. Nimeyatamka maneno hayo kwa miaka mingi, na kimya kilichofuata nikakihesabu kuwa ni kuelewa. Nilikosea. Vijana walikuwa na madesa ya mwaka uliotangulia, wanajua mtihani utauliza nini, na anayeogopa sapu hajioni na sababu ya kupinga. Katika kozi nyingi, tena, swali lenyewe alitunge kwa Kiingereza. Pingamizi zuri linafia kooni kwa kukosa sentensi.

Lakini siisifu ngonjera kwa kila kitu. Udhaifu wake uko katika beti za mwisho, pale asiyejua anapokubali na kushukuru. Malumbano ya washairi magazetini hayana sharti hilo. Mtu anaweza kujibiwa miezi kadhaa na asisalimu amri. Ngonjera za Mnyampala zilitungwa zighanwe mbele ya watu, siasa ya nchi ieleweke, basi mwisho ulijulikana kabla ya mstari wa kwanza. Na hapo ndipo sisi wa vyuoni tulipochota vibaya: mizani 64 za mwanafunzi tumezitupa, kukubali kwake tumekuhifadhi. Mtihani ndio ubeti wetu wa mwisho, mwanafunzi anaturudishia jibu letu kwa maneno yetu.

Muhula mmoja niligawa ngonjera moja kwenye semina nikiwa nimeziondoa beti mbili za mwisho, nikawaambia wazitunge wao. Binti mmoja, ambaye sijawahi kumwona akinyoosha mkono, alisimama na kipande cha karatasi ya daftari, anahesabu silabi kwa vidole. Mjinga wake hakukubali. Aliuliza tena: mavuno ya shamba la kijiji yakiuzwa, fedha ashike nani? Mstari wa tatu ulikuwa na mizani 17, wenzake wakaupigia kelele. Akaunyoosha palepale, amesimama, kwa kubadili neno moja. Hoja haikuguswa. Mimi sikuwa na jibu mkononi. Nilikaa nitunge, kipindi kikaisha sijapata hata kina cha kati.

Wahadhiri wenzangu, wa Dodoma na kwingineko, msomeni Mnyampala kwa muundo wake, na beti zake za mwisho waachieni wanafunzi.