Fundi wa Chokaa

Fundi akitaka kujua kama chokaa imeiva, hatafuti kipimo. Anateka kidogo kwa mwiko, anaugeuza mwiko chini juu, anasubiri. Ikidondoka, inarudi shimoni ikalale tena. Ikishika, anaisugua kidogo kati ya vidole, anatikisa kichwa kuridhika, ndipo anapoita karai. Nimemtazama akifanya hivyo katika nyumba moja ya Malindi, mjini Unguja, karibu na bandari ya majahazi. Mke na mume waliohamia kutoka Dar es Salaam wameirithi kwa shangazi wa mke, na wanaitengeneza ili waishi humo wao wenyewe, si ili wawapangishe watalii. Kwa uamuzi huo peke yake niliipenda nyumba ile kabla sijavuka kizingiti.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kina cha dirisha. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi bila kulegea, na waashi wa zamani waliupa mti heshima yake. Mume alitaka kuvunja ukuta mmoja apate sebule pana. Fundi hakubishana naye. Alimpandisha ngazi, akamwonyesha ncha za boriti zilivyokaa ukutani mojamoja, akamwacha juu huko atafakari. Aliposhuka, habari ya sebule haikutajwa tena.

Upande wa bahari ndiko kulikokuwa na msiba. Wapangaji waliotangulia waliupiga ukuta lipu ya saruji mpaka usawa wa kifua, wakaumalizia kwa rangi ya mafuta, na kwa macho ulionekana mzima kabisa. Fundi aliugonga kwa kitako cha nyundo, akasikiliza, akasogea hatua moja, akagonga tena, hadi akafika pahali palipolia utupu. Hapo akatia patasi. Saruji ilitoka bamba zima, ngumu kweli kama inavyosifiwa, na nyuma yake mawe yalikuwa yameloa chepechepe. Chumvi ilikuwa imechanua juu yake, nyeupe, yenye manyoya laini yanayoruka ukiyapuliza. Udongo katikati ya mawe ulikuwa tope. Boriti ya kwanza iliyochungulia, aliisukuma kwa ncha ya mwiko, na mwiko ukazama hadi kwenye mpini. Mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema: "Na shangazi alikuwa kila siku akilalamika kifua, sisi tukimletea dawa."

Ukuta wa mawe hunywa maji. Hunywa ya masika kutoka juu, ya ardhini kutoka chini, na ya upepo wa bahari usiku kucha. Chokaa huyaruhusu yatoke yalikoingilia. Saruji huyafungia ndani, nayo yakikosa njia hupanda, yakabeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hulipasua. Pale Malindi utaonyeshwa nyumba kadhaa ambazo wenyewe waliziuza wakisema zinaoza. Nyingi kati ya hizo zilizibwa pumzi kwa nia njema na kwa pesa nyingi.

Chokaa yenyewe haipatikani kwa kukimbia dukani asubuhi. Mawe huchimbwa, yakapangwa juu ya magogo kwenye tanuu, yakachomwa kwa moto wa nyuzi zipatazo 900. Kazi hiyo inakula miti, na jambo hilo linanitia uchungu. Fundi wa kweli analijua, ndiyo maana hamwagi hata konzi moja. Jiwe lililoungua likitiwa maji linafoka na kuchemka lenyewe, linapasuka, linakuwa uji mweupe mzito. Uji huo hulazwa shimoni chini ya maji kwa miezi, na wazee walipenda uliolala mwaka na zaidi. Ukiutumia mbichi, punje ambazo hazijafa maji zitavimba ukutani baadaye na kuirusha lipu kwa vipande. Mchanga nao uwe wa shamba. Wa ufukweni, unaochotwa bure mlangoni, una chumvi ile ile unayoikimbia.

Bibi mwenye nyumba alikuwa akiupapasa ukuta mpya kila akipita. "Mbona haikauki, fundi?"

"Haikauki, mwanangu. Inarudi kuwa jiwe."

Ndivyo ilivyo hasa. Moto wa tanuu uliifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, na sasa tabaka lile jembamba linairudisha kidogo kidogo kutoka hewani, mpaka liwe jiwe tena. Ndiyo sababu anapaka nyembamba, anaulowesha ukuta kabla ya kupaka, anatundika magunia yaliyoloweshwa ili jua lisije likaiwahi kazi yake. Kisha anaondoka. Sijui kazi nyingine ambayo sehemu kubwa ya ustadi wake ni kujua lini usiiguse.

Nilipokuwa mdogo niliona sakafu ya dari ikipigiliwa nyumbani kwa bibi yangu. Chokaa na kokoto zilikwisha kumwagwa juu ya boriti, na wanawake wa mtaani wakajipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti mkononi, wakipiga kwa mdundo mmoja huku mmoja akiongoza wimbo na wengine wakiitikia. Walikwenda mwisho wa dari, wakageuka, wakarudi. Kahawa ilipandishwa, na sisi watoto tulipewa vijiti tugonge pembeni, mahali ambapo tusingeharibu kitu. Kazi ile haikwisha kwa jua moja. Ninachokikumbuka zaidi ni sauti: mwanzo ilikuwa nzito, ya kitu chenye maji, halafu ikapanda na kukauka, na wale wanawake waliijua hatua hiyo kwa masikio, wakaanza kupiga polepole zaidi. Nyimbo zile hazikuandikwa na yeyote ninayemjua. Siku hizi sakafu humwagwa kwa mashine inayounguruma, na mtaa hufunga madirisha.

Ufundi huu ni mkongwe kwetu. Maandishi ya jiwe katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, tukashangilia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, mjini humo humo, ikaanguka katikati ya kazi ya ukarabati na kuua watu 2, na kwa siku chache sote tulizungumza habari za kuta. Kisha tukanyamaza, tukarudi kwa fundi anayetaja bei ndogo na siku chache.

Fundi wetu wa chokaa ana watoto wa kiume wawili. Mmoja anaendesha daladala, mwingine anafyatua matofali ya saruji Fuoni na anapata kuliko baba yake. Siwalaumu hao. Ninawalaumu wenye nyumba, na wenye zabuni, na sisi sote tunaotaka urithi usimame lakini hatutaki kumlipa mtu kwa siku anazosubiri.

Nyumba inayopakana na ile ya shangazi imeuzwa. Wiki iliyopita mifuko ya saruji ilishushwa barazani, na vijana wakaanza kupiga lipu upande ule ule wa bahari. Fundi alikwenda kuwaeleza. Walimwamkia, wakamwekea kiti, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamwambia kwamba mkataba unataka kazi iishe kabla ya Ramadhani.